Kifo cha Jemadari Ngurumo

Breki alitupa dadu. Ikabiringika juu ya mfuniko wa jeneza, ikagonga bakuli la biskuti, ikatulia ikionyesha ishirini.

Jeneza lenyewe halikuwepo. Ulikuwa mfuniko tu, tena wenye ufa, ambao fundi hakuthubutu kumuuzia mtu, akaulaza juu ya vigogo viwili vya kukatia mbao ukawa meza. Fundi huyo alikuwa shemeji yake Breki, mume wa dada yake, na karakana ilikuwa yake. Siku za kazi alipima, akakata, akapiga randa na kugongomea misumari. Jumapili mchana alifagia maranda, akayasogeza ukutani majeneza yaliyokuwa yakisubiri wenyewe, akapanga viti vitano, na karakana ikageuka falme, misitu na mapango ya majoka.

Mchezo wao ni huu. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, anawaumbia wenzake dunia kwa mdomo. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale penye mashaka, dadu yenye pande ishirini inaamua. Ukitupa moja, afadhali usingezaliwa. Ukitupa ishirini, hata ukitaka kumbusu simba, simba anafumba macho.

Kwa hiyo Breki alipoiona ile ishirini, alijinyoosha kitini kama mtu aliyeitwa kupokea tuzo. Mhusika wake alikuwa mwizi wa kike aitwaye Kidole, na Kidole alikuwa ametumia Jumapili nzima kunyatia, kujibanza na kumwibia mlinzi aliyelala ufunguo wa gereza alimofungwa malkia. Sasa ufunguo ulikuwa tunduni.

Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa msimulizi, alishusha sauti. "Ufunguo unaingia. Unazunguka taratibu. Halafu unakatikia ndani."

Breki akamkumbusha kwamba ametupa ishirini.

"Ndiyo maana umekatika bila kelele," Shemeji alisema. "Walinzi hawajaamka. Lakini sikilizeni. Kwa mbali, kwato za farasi."

Wachezaji wenzake nao wakasikia: Nesi akaweka kikombe chake chini, Kinyozi akatazama dari. Walikuwa wanazijua hizo kwato. Alikuwa anakuja Jemadari Ngurumo.

Jemadari Ngurumo alikuwa kipenzi cha msimulizi. Hakuwa mhusika wa mchezaji yeyote. Shemeji mwenyewe alimbuni na mwenyewe akawa anamsemea kwa sauti nzito ya kifuani. Alikuwa na farasi mweupe, kovu shavuni na tabia ya kutokea penye shida yoyote kabla wenye shida hawajaitatua. Joka lilipokuja, Ngurumo alilikata kichwa. Daraja lilipovunjika, Ngurumo alijua kivuko. Kinyozi aliwahi kuuliza kwa upole kama huyu Jemadari hana kwake. Akajibiwa kwamba kwake ni popote penye dhuluma, na Kinyozi akanyamaza, kwa sababu hilo huwezi kulijibu.

Breki akaenda nyumbani na hasira zake.

Jina la Breki alipewa na wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwenye gari la mafunzo mwalimu hana usukani. Ana kanyagio moja tu la breki upande wake, na yeye alilikanyaga kwa moyo wote. Siku sita za juma alikaa pembeni akiwatazama watu wazima wakilipeleka gari mrama kwenye barabara iliyonyooka. Siku ya saba alitaka kuendesha yeye, basi, hata kama ni kumwendesha mwizi wa kubuni. Na huko nako usukani alikuwa nao mtu mwingine.

Jumatatu jioni alipita kwenye kibanda cha Kinyozi. Alimkuta Nesi naye, amekaa kwenye kile kiti kinachopanda na kushuka, viatu mkononi, ametoka zamu. Hapo ndipo yalipofumuka.

Kinyozi alisema mhusika wake, mwimbaji wa mitaani, alitaka kumchumbia binti wa mwenye nyumba ya wageni, na msimulizi akamwambia moyo wako unamkataa. "Moyo wa nani?" Kinyozi aliuliza, mashine ya kunyolea mkononi. Nesi alisema yeye anashinda wodini kutwa akifunga vidonda, ndiyo maana akajitengenezea askari wa kukodiwa asiyejua hata bandeji inakaa upande gani, ili angalau Jumapili aumize mtu. Mpaka leo hajaumiza hata sisimizi. Kila vita vikianza, anapewa farasi wa Jemadari ashike.

Dada hawakumjadili sana. Dada wa Breki alicheza mchezo huo kwa ndoa tu. Mhusika wake alikuwa bibi kizee mchawi ambaye muda mwingi alisinzia, huku Dada mwenyewe akifuma sweta. Ila uchawi wake haukuwahi kushindwa hata mara moja, maana msimulizi naye ana nyumba ya kurudi.

La ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia Shemeji. Walilalamikiana wao kwa wao miezi na miezi, na Jumapili ikifika walimwambia leo umetamba, fundi, leo umetuweza. Na kweli alikuwa na kipaji. Akikusimulia mvua, unatafuta mwavuli. Ndiyo maana waliendelea kwenda.

"Basi tumuue," Breki alisema.

Kinyozi akazima mashine. Nesi akauliza nani, Shemeji au Jemadari.

"Jemadari. Shemeji ana dada yangu."

Jumapili iliyofuata walifika mapema, wote wakiwa na adabu ya kutisha. Mchezo ulipofika kambini jangwani, Kidole akatangaza kwamba amepika supu. Shemeji akafurahi, ilikuwa mara ya kwanza mwizi yule kufanya jambo la heri. Kidole akamimina bakuli la kwanza akampelekea Jemadari kwa mikono miwili.

"Jemadari anashukuru," Shemeji alisema kwa sauti ya kifuani, "lakini hana njaa."

Mwimbaji wa Kinyozi akaanza kuimba. Wimbo ulikuwa wa kusifu mashujaa, mbaya kuliko zote zilizowahi kuimbwa kwenye karakana ile, na kiitikio chake kilisema anayekataa supu ya wenzake amewatukana waliokufa vitani. Shemeji alicheka, akakubali, Jemadari akanywa.

Breki akasema kwenye supu kuna uyoga, na uyoga wenyewe si wa kuliwa.

Shemeji akamtazama, akatazama wengine, na kila aliyetazamwa akaona kuna kitu cha muhimu sana kwenye karatasi yake ya mhusika. Mwisho akasema Jemadari ana mwili wa chuma, lakini haya, atatupa dadu kuona. Akanyoosha mkono nyuma ya boksi la vishikio vya jeneza alilokuwa akilisimamisha mbele yake, maana dadu za msimulizi hazionekani na mtu.

Nesi akaliondoa boksi. Alifanya hivyo jinsi anavyomfunua mgonjwa shuka, bila kuomba radhi. "Leo tuone wote," alisema.

Shemeji akatupa. Ikaja moja.

Angeweza kukataa. Msimulizi ana mamlaka hayo. Lakini aliitazama ile dadu muda mrefu, kisha akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi Jemadari alivyoweka kijiko chini polepole, asimwage. Jinsi alivyojua, na asimlaumu aliyepika. Akauliza kama farasi amekunywa maji. Akaomba ageuzwe uso upande wa jua, kwa sababu hakuwahi kukaa mahali pamoja hadi likazama. Dada aliacha kufuma. Nesi, aliyefiwa na wagonjwa wengi na kula chakula chake cha mchana bila tatizo, akajikuta anatafuta leso.

"Basi," Shemeji alisema kwa sauti yake ya kawaida, "mchezo umekwisha." Akakusanya dadu, akazima taa, wakiwa bado wamekaa.

Jumapili iliyofuata karakana ilifungwa. Na iliyofuata. Kinyozi alikiri kwamba ushindi ule haukuwa na ladha. Alikuwa amejipanga kushangilia, akaishia kuota farasi. Nesi akaanza kuchukua zamu za Jumapili, na hilo peke yake lilikuwa dalili ya msiba.

Kisha Dada akapiga simu.

Alisema hivi: mlinichukulia mume Jumapili, nikashukuru Mungu. Sasa mmemrudisha. Amepanga masufuria yote kwa urefu. Amekaza kila skrubu ya nyumba hii, mlango wa choo sasa haufunguki. "Jana mama alikuja kutusalimia," Dada aliendelea, "mume wangu akamtazama toka utosini hadi unyayoni, vile anavyowapima wateja wake. Mama ameondoka bila kunywa chai."

Breki akajitetea kwamba waliua wote.

"Mliua wote, lakini aliyepika ni wewe, mdogo wangu. Nenda."

Akaenda siku ya kazi, saa ya mapumziko. Alimkuta Shemeji anabandika kitambaa cheupe cha hariri ndani ya jeneza kubwa, misumari midogo midomoni. Hakumsalimia vibaya wala vizuri. Alimwonyesha pembe ya kitambaa, ashike. Breki akashika. Wakafanya kazi hivyo kwa muda, yeye akivuta, fundi akigongomea, na Breki akazunguka mbuyu mzima: kazi vipi, joto hili, wanafunzi wa siku hizi. Misumari ilipoisha mdomoni mwa Shemeji, Breki akakosa kisingizio cha kuendelea kuongea peke yake.

"Nilitupa ishirini, shemeji," alisema. "Ndiyo iliyoniuma. Ningetupa tatu ukaniletea Jemadari wako, ningemkaribisha na kumpa kiti. Lakini dadu ilinipa, wewe ukaninyang'anya. Nikajiuliza basi natupa ya nini."

Shemeji akalainisha kitambaa kwa kiganja. "Ningekuacha ufungue, ungeingia wapi?"

"Gerezani. Kwa malkia."

"Humo hamkuwa na malkia. Hamkuwa na kitu. Nilikuwa nimeandaa njia ya mlimani, na anayeijua ni Jemadari. Ungefungua lile lango ungenikuta mimi, nimekaa, sina la kusema, watu wanne wananitazama."

Breki hakuwahi kulifikiria hilo. Siku zote aliamini dunia ile yote imo kichwani mwa Shemeji, na kwamba anawafungia kwa kiburi. Kumbe yule mtu alikuwa anajenga barabara usiku ili asubuhi wapite, na nje ya barabara ni giza hata kwake.

Shemeji akaeleza kwamba kazi yake imemlea hivyo. Mtu akifika pale, kitu kiwe tayari. Huwezi kumwambia mfiwa subiri, nawaza. Breki akataka kusema kwamba pia ni kazi ambayo mteja mwenyewe hajawahi kurudi kulalamika, na pengine ndiyo maana Shemeji hakuzoea kulalamikiwa. Akaitazama nyundo mkononi mwa fundi, akaona hoja hiyo isubiri.

"Na nyinyi mngeniambia," Shemeji akasema. "Mmenisifu kila Jumapili, halafu mkaja na uyoga."

"Tungekuambia, ungenuna."

"Ningenuna. Halafu ningeacha kununa. Sasa nimenuna, na mtu wangu amekufa."

Breki alimwomba radhi, si kwa kumuua Jemadari, maana hilo hakulijutia, bali kwa kumteta nyuma ya mgongo huku usoni anampaka mafuta. Shemeji akaipokea radhi kwa kumpa pembe nyingine ya kitambaa. Kisha akasema kuna sharti moja: Jumapili inayokuja, Breki akae kwenye kiti cha msimulizi, naye Shemeji akae na wachezaji. Breki akakubali kabla Shemeji hajamaliza kusema. Moyoni alijua atawaonyesha msimulizi muungwana anafananaje.

Aliwaonyesha. Aliwawekea mji mkubwa wenye bandari na akawaambia wako huru, wafanye watakalo. Wakakaa. Nesi akauliza kuna nani wa kupigana naye. Yeyote unayemtaka, Breki akasema. Nesi akasema yeyote si mtu. Mwimbaji wa Kinyozi akaamua kununua punda. Breki hakuwa na hila ya kumzuia, na hakutaka kumzuia, kwa hiyo mchana karibu wote ukaishia kwenye punda: rangi yake, meno yake, kama anapenda muziki. Dada alilala, safari hii usingizi wa kweli.

Shemeji ndiye aliyemmaliza. Alikuja na mhusika mpya, mchunga mbuzi bubu, na mchunga mbuzi yule alikuwa anataka kujua kila kitu. Alionyesha kwa vidole: nyuma ya ile nyumba kuna nini? Na nyuma ya hiyo? Na yule mama anayepita, anaitwa nani, amebeba nini? Breki akajibu, akajibu, hadi mji mzima ukawa na akina mama waitwao Mama Nanihii waliobeba vikapu. Jasho likamtoka. Alitamani kwato. Alitamani farasi yeyote, hata kilema.

Kisha Kinyozi, kwa kuchoka, akasema anachoma bandari.

Breki alikuwa na jambo moja tu aliloandaa vizuri tangu Alhamisi, nalo lilikuwa meli pale bandarini. Mguu wake wa kulia ukaruka wenyewe chini ya meza ukakanyaga kwa nguvu zote. Hapakuwa na kanyagio. Palikuwa na kigogo. Kigogo kikateleza, mfuniko ukainama, chai, biskuti, dadu na karatasi vikashuka kwa foleni hadi mapajani mwa Dada.

Shemeji akaanza kucheka. Alicheka hadi akajishika kwenye jeneza lililokuwa karibu. "Wewe," alisema, akipangusa macho, "wewe ungemwita Jemadari siku ya kwanza."

"Ningemwita asubuhi," Breki akakiri.

Jumapili iliyofuata Shemeji alirudi kwenye kiti chake, na mambo yakawa tofauti, ingawa si kwa namna ya kutungiwa wimbo. Boksi la vishikio halikurudi mezani. Walikubaliana kwamba ishirini ni ishirini. Walikubaliana pia kwamba msimulizi akikwama anaruhusiwa kusema sijui, akainuka kwenda kuchemsha maji, na hakuna atakayemkodolea macho mpaka birika lilie. Mwanzoni walikunywa chai mpaka matumbo yakajaa. Siku moja Shemeji alisema sijui, akafika mlangoni, akarudi na birika tupu mkononi kwa sababu wazo lilikuwa limemjia njiani, na hiyo ikawa Jumapili waliyoizungumzia muda mrefu.

Hakuacha tabia zote. Bado aliwaambia watu mioyo yao inahisi nini, ila sasa Kinyozi alimjibu palepale kwamba moyo wake unamjua mwenyewe, na Shemeji akajirekebisha huku akinung'unika. Mwimbaji alimwoa binti wa mwenye nyumba ya wageni. Ndoa ilikuwa mbaya sana. Bibi harusi alikuwa na ndugu saba. Nesi alivunja mkono wa mtu wake wa kwanza na akatembea wodini juma zima akitabasamu, wagonjwa wakaogopa.

Ndipo ikafika zamu ya Kidole. Walikuwa wanamfukuza mwuza watumwa juu ya mapaa ya mji, mvua inanyesha, na kati ya paa moja na jingine palikuwa na pengo. Breki akasema Kidole anaruka.

Shemeji akamsimulia lile pengo, kwa utaratibu, vigae vilivyoloa na jiwe lililo chini. "Una uhakika, shemeji?"

Zamani Breki asingeulizwa. Zamani kwato zingekuwa zimeshasikika.

"Naruka," alisema.

Akatupa. Ikaja mbili. Alitazama juu, na usoni mwa Shemeji aliona mtu anayetamani sana kusema jambo na amejifunga mdomo. Nesi, Kinyozi na Dada nao walimtazama Shemeji. Mvua ya kubuni iliendelea kunyesha. Shemeji akasema Kidole aliteleza, na kwamba alianguka kimya kama alivyoishi, mikono wazi, na hapakuwa na mtu wa kumdaka.

Breki alinuna. Alisema dadu haikubiringika vizuri. Alisema paa lenyewe lilikuwa na mteremko usio wa haki, na msimulizi mwenye utu angeweka hata rundo la majani. Shemeji akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba angeweza kuliweka, ila angekuwa amemnyang'anya tena. Breki akamwambia aache kujifanya mwenye hekima, aendelee na wengine.

Wengine wakaendelea. Mwuza watumwa alikuwa bado yuko mbele yao na mvua haikuwa imekatika. Dada akamsogezea mdogo wake bakuli la biskuti, bila neno, kisha karatasi safi na penseli ya fundi, ile bapa ya kuchorea mbao. Breki aliziacha hapo kwa muda, kwa heshima ya marehemu. Alikula biskuti. Kisha akavuta karatasi, akaramba ncha ya penseli, akaanza kuandika: mkunga, mnene, mwenye sauti kubwa, haogopi mtu, na hapandi juu ya paa la mtu yeyote.